Tangazo la Mlango Mmoja

Mama Mashine alikuwa anamimina mahindi ya mteja kwenye mashine yake ya kusaga, simu ilipoita. Akaweka ndoo chini, akaibana simu kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa imejaa unga, na sauti iliyomsalimia ilikuwa ya mumewe.

"Habari za kazi, mama watoto. Pole na vumbi."

Mumewe alikuwa amechuchumaa mbele yake, anakaza mkanda wa mota kwa spana. Midomo yake ilikuwa imefumba. Tangu madaktari wamtoe koo mwaka jana, midomo ile ilikuwa ya kulia chakula tu, na pumzi yake ilipitia kwenye tundu shingoni. Tundu lenyewe alilifunika kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Hakuna aliyewahi kuliona isipokuwa mkewe na manesi.

"Nani mwenzangu?" Mama Mashine akauliza, ingawa alishajua.

"Ni mimi, Baragumu wenu. Nimeongea na Mheshimiwa kuhusu ule umeme wa viwanda unaoutamani. Transfoma itawekwa pale uwanjani nyuma yako, na mashine yako itakuwa ya kwanza kuunganishwa. Tunaweza kutegemea kura yako?"

Mama Mashine akaitoa simu begani, akaiwekea sauti kubwa, akamnyooshea mumewe. Mzee akainua kichwa. Akasikiliza kama mtu aliyemkuta sokoni mtu asiyemjua amevaa shati lake yeye. Sauti ikarudia swali lake kwa upole, ikangoja, kisha ikawatakia kazi njema na kukata.

"Umeagiza wewe hii?" mkewe akauliza.

Akagonga chuma cha mashine mara mbili. Ndiyo ilikuwa mara moja, hapana mara mbili. Ndivyo walivyozoeana pale simu yake ilipokuwa mbali.

Simu yake ndiyo iliyokuwa koo lake siku hizi. Kabla ya upasuaji, ambao Mheshimiwa alijitolea kuulipia, vijana wa Mheshimiwa walimkalisha kwenye chumba chenye magodoro ukutani wakamsomesha maneno hadi akachoka. Walisema wanamwekea akiba ya sauti. Na kweli, akiandika neno kwenye simu, simu ilitamka kwa sauti yake ileile iliyokuwa ikitangaza mtaani misiba, maji kukatika na watoto waliopotea. Nani angefikiria mabaya? Mama Mashine aliwaombea dua wale vijana.

Lakini kilichomsimamisha vinyweleo si sauti. Ni ule umeme wa viwanda. Maneno hayo hakumwambia mteja, wala jirani, wala binti yake aliyeko kazini mji mwingine. Aliyasema mara moja tu, chumbani, anakunja nguo. Waliokuwapo ni yeye na mumewe. Na simu ya mumewe, juu ya mto.

Hawajamaliza kutazamana, fundi viatu akaingia na ndoo ya mahindi, uso umemchanua.

"Baragumu! Baba yangu! Nije nikupigie magoti? Jana umenipigia simu, mke wangu akadhani nimeota. Kumbe kweli mafundi tutajengewa vibanda hapo uwanjani!"

"Uwanja upi?" Mama Mashine akauliza.

"Si huu wa nyuma yako! Mama, mbona wauliza kama mgeni? Mzee amenitajia mpaka idadi ya wanangu. Amenicheka na kibanda changu kinachovuja. Kile kicheko chake kile!"

Baragumu alitikisa kichwa, akagonga mara mbili, akagonga tena mara mbili. Fundi viatu akampigapiga bega. "Najua, najua. Ulisema iwe siri yetu. Mdomo wangu umeshonwa kwa uzi wa kiatu." Akacheka, akaacha ndoo yake, akaondoka.

Kabla ya adhuhuri walipita wengine wawili. Muuza nyanya alikuja kushukuru kwamba soko la uwanjani halitahamishwa. Mwalimu mstaafu alikuja na fimbo yake kushukuru kwamba uwanja utakuwa maktaba. Kila mmoja alikonyeza. Kila mmoja aliambiwa iwe siri. Mama Mashine alipomweleza muuza nyanya kwamba mzee hakumpigia mtu, mama yule alimtazama Baragumu kuanzia kandambili hadi kofia.

"Ala! Kwa hiyo kwangu ana sauti, kwako hana? Mama Mashine, kama mna ugomvi wa ndani, malizaneni ndani. Usinikoseshe soko langu."

Baragumu akainamisha kichwa, akarudi kwenye mkanda wake.

*

Jioni ile Mama Mashine alirudi nyumbani akiwa na unga kwenye nyusi. Alipokaribia mlango alimsikia mumewe anazungumza na mjukuu wao, yule waliyempa jina la Kibogoyo baada ya meno ya mbele kung'oka.

"Na bibi huwa anapenda nini, mwanangu?"

"Bibi anapenda chai ya moto moto. Na mashine yake. Na kukugombeza wewe."

Sauti ikacheka. "Na huwa anamsema nani vibaya?"

Mama Mashine akatabasamu, akasukuma mlango. Mtoto alikuwa ameketi peke yake kwenye mkeka, simu ya babu yake mapajani. Kutoka uani yalisikika maji. Mzee alikuwa anaoga.

Alimpokonya mtoto simu kwa nguvu hata mtoto akaanza kulia. Skrini ilikuwa imezima. Hakuna namba, hakuna jina, kioo tu na uso wake mwenyewe humo, mweupe kwa unga.

"Unaongea na nani wewe?"

"Na babu!"

"Babu yuko bafuni!"

"Yule ni babu wa kuoga," Kibogoyo akasema kwa kwikwi. "Huyu ni babu wa hadithi."

Mama Mashine aliibeba ile simu hadi jikoni, akaitia kwenye sufuria, akaifunika na kuweka jiwe la kusagia viungo juu ya kifuniko. Alisimama hapo anahema. Ndipo mumewe alipoingia na taulo begani, akatazama sufuria, akatazama mkewe, akanyoosha mkono kuomba simu yake ili aulize kuna nini. Angeizika ile simu ardhini, lakini humo ndimo alimokuwa mumewe. Akaondoa jiwe.

*

Ofisi ya kampeni ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vigae. Mama Mashine alizijua ofisi za kampeni. Miaka yote zilikuwa vurugu: malori, ngoma, fulana za bure, vijana wanagombania soda. Hapa waliambiwa wavue viatu. Zulia lilimeza hatua zao. Vijana walikaa kwa safu mbele ya kompyuta, hedifoni masikioni, hakuna anayesema neno, kama wodi ya wagonjwa mahututi.

Kijana aliyewapokea ni yuleyule aliyemsomesha Baragumu maneno. Mtaani walikuwa wakimwita Miwani. Alimkumbatia mzee kwa mapenzi ya kweli.

"Mzee wetu! Unajua wewe ndiye sauti bora kuliko zote tulizo nazo? Watu wanakuamini kuliko hata Mheshimiwa mwenyewe."

"Ndicho kilichotuleta," Mama Mashine akasema. "Uwanja mmoja mmeuahidi kwa watu wanne. Na nina hakika ni wengi zaidi."

"Sisi hatuahidi, mama. Mfumo unazungumza na mtu, unasikia anachokitaka, unamjibu. Zile siasa za kupayuka barabarani zimepitwa na wakati. Mtu anachomwa jua kwa saa tatu nzima anasikiliza shida za wenzake! Sasa kila mtu anaambiwa linalomhusu yeye."

"Na Mheshimiwa anajua yote anayoyaahidi?"

Miwani akatabasamu kwa subira, kama anayemfafanulia mtoto. "Hawezi. Ni maneno mengi mno. Hata mimi siyajui. Hakuna mtu anayeyajua."

"Basi siku watu wakimuuliza?"

"Watamuulizaje, mama? Kila mtu aliambiwa peke yake."

Baragumu alikuwa ameshatoa simu yake, anaandika kwa kidole kimoja. Simu ikasema: "Kijana. Naomba sauti yangu."

Hapohapo, kwenye kona ya chumba, msichana mmoja alichomoa hedifoni kujikuna sikio, na kompyuta yake ikasema kwa sauti ileile: "Habari za mchana, bwana fundi. Bado kibanda kinavuja?" Kisha ikacheka. Mama Mashine alikijua kicheko hicho. Mumewe alikicheka siku ile ya magodoro ukutani, pale kiti cha Miwani kilipovunjika mguu. Alikuja nyumbani akamsimulia, wakacheka tena wote wawili. Hakikuwa kicheko cha mafundi viatu. Kilikuwa cha kwao.

Msichana akarudisha hedifoni haraka. "Samahani," akanong'ona.

Miwani alishusha sauti. "Mzee, ulitia saini. Na hiyo iliyomo kwenye simu yako inatoka hapahapa. Hatupendi kumnyang'anya mgonjwa. Wewe kaa nayo, zungumza na mjukuu wako kwa raha zako. Lakini mkienda kutufanyia fujo, wakubwa wataniambia niifunge. Na ikifungwa imefungwa, mama. Mimi sitakuwa na la kufanya."

Akawasindikiza hadi mlangoni, akamwinamia mzee amvalishe viatu.

*

Walipofika mashineni Baragumu aliizima simu, akaiweka nje, kwenye kizingiti cha mlango, kama mbwa anayetolewa nje watu waongee. Kisha akaweka kiganja juu ya meza ya bati, akausawazisha unga uliotanda, akaandika kwa kidole: RINGI.

Mama Mashine alielewa. Kwenye njia panda ilining'inia ringi kuukuu ya gari. Kwa miaka yote ya kazi yake ya kutangaza mtaani, Baragumu hakuwahi kufungua kinywa kabla hajaigonga na watu kutoka. Aligonga, akangoja, akatangaza akielekea kila upande. Wakubwa walimjia na bahasha: mzee, lipitishe hili kwa fulani na fulani tu. Aliwarudisha na bahasha zao.

"Sitaki," Mama Mashine akasema. "Umenisikia? Waache waliwe! Ulipokuwa umelazwa nani alikuja? Fundi viatu alikuja mara moja, akanidai hela ya soli. Leo nikupoteze kwa ajili yake?"

Akafuta unga, akaandika: SIJAFA.

"Najua hujafa! Lakini mimi nikikuita usiku nani ataniitikia? Nikigombana, nigombane na ukuta? Na yule mtoto? Yule aliletwa kwetu koo likiwa limeshatolewa. Anaijua simu. Ikizimwa, utamwambia nini, na utamwambia kwa kinywa gani?"

Hilo lilimpata. Alikaa kitako juu ya gunia, mikono katikati ya magoti, kitambaa shingoni kinapanda na kushuka. Mama Mashine akadhani ameshinda, na alishaanza kufurahi kwa aibu. Kisha mzee akanyanyuka, akaandika polepole, herufi kubwa zikagusana:

INAMUULIZA MTOTO HABARI ZAKO.

Mama Mashine alisoma mara mbili. Akachukua ufagio wa meza, akaufagia ule unga wote hadi bati likang'aa.

"Basi mpe mtoto hadithi ya mwisho," akasema. "Nzuri. Na mimi niwepo."

Baragumu akaandika hadithi jua likiwa bado uani, kidole kimoja kwa neno moja moja, na simu ikaitamka. Ilikuwa ya kuku aliyekataa kulala bandani. Haikuwa na maana yoyote. Kibogoyo alicheka mapengo yote nje. Mama Mashine alikaa nyuma yao anachagua mawe kwenye mchele ambao ulikuwa safi tangu dukani.

*

Asubuhi ringi ililia.

Watu walitoka kabla hawajafikiri. Miguu ilikumbuka. Mwenye mswaki mdomoni, mwenye mtoto kifuani, fundi viatu na kiatu kimoja mkononi. Walipomwona Baragumu ameshika chuma chake, muuza nyanya alipiga vigelegele.

"Amepona!"

Mzee akashusha chuma, akamtazama mkewe. Sauti ya Mama Mashine ilikuwa imekomazwa na mashine, kavu kama pumba, lakini ilifika mbali. Hakuanza na salamu.

"Huyu hajampigia mtu simu. Wanaitumia sauti yake. Sasa fundi viatu, sema hapa mbele ya watu, uwanja ni wa nani?"

Fundi viatu akamtazama Baragumu kuomba ruhusa. "Wa mafundi."

"Mwalimu?"

"Maktaba," mwalimu akasema taratibu. Alishaanza kuelewa, na aliona aibu kuwa amechelewa.

"Maktaba ya nini? Pale ni soko!" muuza nyanya akaruka.

"Mimi niliambiwa kituo cha mabasi," mtu akasema kutoka nyuma.

"Mimi zahanati."

Watu wakacheka. Uwanja mmoja, wachumba chungu nzima! Lakini kicheko hakikudumu. Fundi viatu alikuwa ameanza kutikisa kichwa.

"Sikilizeni. Labda nyinyi ndio mlidanganywa. Mimi aliniita kwa jina langu. Alijua kibanda kinavuja."

"Kwani mimi hakunijua?" muuza nyanya akamgeukia. "Yangu ndiyo ya kweli! Yako ya kuigiza!"

Wakaanza kurushiana maneno, kila mmoja akitetea sauti yake, na Baragumu mwenyewe katikati yao kama nguzo ya umeme. Ndipo simu ya kwanza ilipoita. Kisha ya pili. Kisha zikaita zote, mifukoni, vifundoni mwa khanga, kiunoni, na mkono ukiwa umezoea hauulizi. Wakapokea.

"Jirani, ni mimi," Baragumu akasema kutoka kwenye kila kiganja, simu hii ikiwa nyuma ya ile kwa pumzi moja, hata maneno yakawa kama mwangwi wa bondeni. "Ni mimi, ni mimi. Mke wangu amechoka kwa kuniuguza. Msimlaumu. Anasema asiyoyajua. Ile ahadi yetu iko palepale."

Walisikiliza na huku wanamtazama, sikio upande huu na jicho upande ule. Kwa nukta moja hata Mama Mashine, mkewe, alitamani kuiamini. Ilikuwa imemsema kwa upole sana.

Baragumu akaegemeza chuma ukutani. Akapeleka mikono nyuma ya shingo, akafungua fundo, akakitoa kile kitambaa cheupe.

Tundu lilikuwa pale, jekundu pembeni, linavuta hewa na kuitoa kwa mlio mdogo wa unyevu. Alimwendea fundi viatu, akamshika mkono wenye kiatu, akaweka kiganja chake mbele ya tundu lile aisikie pumzi. Kisha akamwendea muuza nyanya. Kisha mwalimu. Mtu aliyekuwa hatoki nje bila kitambaa kilichopigwa pasi alipita kwa kila mmoja, shingo wazi, na simu zinaendelea kusema ni mimi, ni mimi.

Muuza nyanya ndiye wa kwanza kukata yake. Akaitia kwenye tenga, chini ya nyanya. "Nisamehe, baba," akasema, na hakujua atazame wapi. Wengine wakafuata. Si wote. Fundi viatu alikuwa ameugusa ukweli kwa mkono wake, na bado alisogea kando, nyuma ya nguzo, simu sikioni, anaitikia kwa sauti ya chini: "Ndiyo, mzee. Ndiyo. Najua."

*

Walipofika nyumbani koo lilikuwa limefungwa. Baragumu aliandika, na maneno yakabaki kwenye kioo, mabubu. Miwani alikuwa mkweli katika hilo.

Kibogoyo aliitikisa simu, akaigonga kwenye goti, akaiweka sikioni. "Babu kaenda wapi?" akauliza, naye kakaa juu ya paja la babu yake.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu, na sitazipamba. Mtoto alikataa kula. Baadhi ya wateja walianza kusaga mtaa wa pili. Mama Mashine aligombana na mumewe kama alivyotabiri, yeye akisema na yeye akijijibu, mpaka siku moja mzee akagonga meza mara mbili kwa hasira kiasi kwamba kikombe kilianguka, na mkewe akajikuta amefurahi kubishiwa. Kibogoyo alikuwa akitazama. Kesho yake aligonga sahani mara mbili alipoletewa uji. Babu akagonga mara moja. Mtoto mara mbili. Mzozo ule uliendelea hadi uji wote ukapoa.

Siku moja kabla ya kura, wakiwa wanakunywa chai ya asubuhi, simu ya Mama Mashine iliita. Alitaka kuikata, ila mumewe akamzuia mkono, akaiweka mezani, akabonyeza sauti kubwa.

"Habari za asubuhi, mama watoto," Baragumu akasema kutoka mezani. "Nimekukumbuka. Chai yako ya moto moto iko tayari? Kesho ni siku yetu. Je, tunaweza kutegemea kura yako?"

Hakuna aliyepumua isipokuwa lile tundu. Mzee akainamia simu, akakunja ngumi, akagonga meza kando yake. Mara mbili. Akangoja, kama alivyokuwa akingoja watu watoke. Akagonga tena. Mara mbili.

"Asante sana," sauti ikasema kwa furaha. "Nimekuelewa. Nilijua nyumba hii iko pamoja nasi."

Ikacheka kile kicheko chao, ikakata.

Mama Mashine alibaki na kikombe hewani. Kibogoyo aliitazama simu, akamtazama mzee, kisha akaisukuma simu kwa kidole hadi ukingoni mwa meza, mbali na uji wake.

"Bibi, huyu hasikii," akasema. "Babu amesema hapana."